Kunde Kumi

Mashavu alipoambiwa kipimo kimeonyesha dalili ya saratani ya titi, alirudi nyumbani akawagawia binti zake kanga zote. Kisha akaenda kwa jirani yake, muuguzi Bi Tunu, kuuliza amebakiza siku ngapi.

Bi Tunu alikuwa kibarazani anachambua kunde. Akahesabu mia kwenye ungo. "Hawa ni wanawake waliopimwa kama wewe." Akasogeza kumi pembeni. "Hawa wameambiwa warudi. Kati ya hawa kumi, wagonjwa kweli ni wangapi?"

"Si wote?"

"Huwa mmoja. Kipimo cha kwanza ni kama mbwa wa getini, humbwekea hata mwenye nyumba."

Mashavu akazigeuza zile kumi, moja moja. Zilifanana.

"Mimi ni ipi?"

"Hapo sijui. Jumatatu twende ukapimwe tena."

Aliondoka nazo mkononi. Nyumbani alimkuta kitinda mimba wake amejitanda kanga ya bluu, anajitazama kwenye kioo.

"Nirudishie, mwanangu. Bado naivaa."

Akajitanda kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa bado umezifumbata zile kunde.