Filimbi ya Kocha Ngwali

Mama Shukuru, jirani wa ukuta mmoja, aliapa kwamba kocha Ngwali ndiye aliyemuuza kipa wa timu na fedha akazitia tumboni. Maneno hayo yakaenea kama moto wa makuti. Timu ilipofungwa mabao saba, mashabiki wakaja nyumbani kwa kocha na fito.

Zamda, mke wa kocha, alimwona mumewe akiburutwa uani kama mbuzi wa Idi. Filimbi aliyovishwa shingoni na Bwana Kipande, mfadhili wa klabu, siku alipopewa kazi, mmoja wao aliisokomeza mdomoni mwake.

"Puliza, baba! Si ndiyo kazi yako?"

Kila teke la mbavu, filimbi ililia, wao wakacheka.

"Kipa wetu yuko wapi, mwizi we?"

Zamda alijua. Kipande ndiye aliyemuuza kipa ili azirudishe fedha alizotia klabuni, na golini akamweka mpwa wake. Kocha aliyetangulia alikataa, akafukuzwa. Ngwali alikubali, ndiyo maana akaajiriwa.

Gari la Kipande lilikuwa ng'ambo ya barabara, linanguruma. Zamda akalikimbilia, kanga imelowa damu ya mumewe.

"Bwana mkubwa, shuka uwaambie ni wewe. Wewe watakusikiliza. Neno moja tu, mzee wangu, wasije wakamuua!"

Kipande alimtazama, akatazama uani. Kioo kikaanza kupanda. Zamda akaingiza vidole vyake juu ya kioo, lakini hakikusimama.

Huko nyuma filimbi ilikuwa ingali inalia, ila sasa kidogo, kama kifaranga.