Nafasi Moja ya Shahada

Chuo cha kwanza Fundi alikikataa kwa sababu wanafunzi walikuwa wanacheka.

Walikuwa kwenye chumba cha mazoezi, wamezunguka kitanda chenye mgonjwa wa plastiki, wakimgeuza kama gunia la viazi na kuangua vicheko. Fundi alisimama mlangoni, mkoba kwapani, akatazama mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwanawe, "Twende. Hapa hapana adabu."

Chuo cha pili kilikuwa na adabu, lakini kilitoa diploma tu. Fundi aliuliza maswali yake yote, akajibiwa vizuri, akashukuru. Walipofika getini akatikisa kichwa. Diploma ni miaka mitatu, na habari za mwili wanafundishwa kwa picha za ukutani. Yeye alitaka shahada.

"Mama," mwanawe alisema wakiwa garini, "kwa nini usipumzike tu, kama mama za wenzangu?"

"Kupumzika kupo. Endesha gari."

Mwanawe alikuwa kinyozi, mtu mwenye mikono imara na machozi ya karibu. Tangu mama yake aanze habari hii ya chuo, alikuwa hali akashiba wala halali akapata usingizi. Alimpenda mama yake, na jambo lenyewe alilionea aibu, na hakujua ashike lipi aache lipi. Shangazi zake hawakuwa wameambiwa. Wangemtafuna mzima.

Fundi mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Alishona sare za wauguzi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila sare aliijaribu kwanza yeye mwenyewe, mbele ya kioo, mlango umefungwa. Ujanani aliomba kwenda chuo cha uuguzi. Baba yake akasema binti yake hatakwenda kushikashika miili ya watu asiowajua, na maneno yakaishia hapo. Akanunuliwa cherehani. Hakusamehe, ila alishona vizuri.

Chuo cha tatu kilikuwa na ofisi ndogo yenye feni na kiti kimoja kizuri, ambacho kinyozi alimwachia mama yake. Msajili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimtazama kinyozi akafurahi.

"Karibu sana, kaka. Wanaume kwenye uuguzi tunawatafuta kwa tochi."

"Si yeye," Fundi alisema. "Ni mimi."

Msajili alitabasamu kwa ule upole ambao watu wa ofisini huwawekea wazee. Akaeleza kuwa shahada ni miaka minne, na masomo yake ni mazito, na kwamba wanaangalia sana vyeti vya sekondari, hasa biolojia na kemia. Je, mama anavyo?

"Sina hata kimoja. Lakini nimesikia kuna njia nyingine ya kuingia, na kwa njia hiyo vyeti hamuulizi."

Msajili akavua miwani. Akamtazama Fundi, akamtazama kinyozi, ambaye alikuwa anatazama feni. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani amekuambia, mama?"

"Mwalimu wenu mmoja. Nilimshonea gauni."

"Una umri gani?"

"Sabini na nne. Ng'ombe hazeeki maini."

Msajili alitaka kucheka, akajizuia. "Na afya?"

"Magoti yananisumbua. Na moyo kidogo."

"Hayo hayaharibu kitu." Sauti ya msajili ilikuwa imebadilika. Sasa alizungumza na mgeni wa heshima. "Tena ni afadhali."

Kinyozi alimkata jicho.

Fundi aliendelea na maswali yake. Ada? Hakuna ada. Chumba cha masomo kina baridi? Kina, tena kali. Fundi alisema baridi haitamsumbua. Na wanafunzi, wanacheka?

"Akicheka mmoja," msajili alisema, "anatoka nje saa hiyo hiyo. Namtoa mwenyewe."

"Basi chuo nimepata."

"Nafasi ipo moja, ya shahada, na ni yako. Watu wa njia hii ni adimu, mama. Mwaka jana hatukupata hata mmoja. Lakini kuna sharti: lazima mwanao akubali. Akisema hapana, hata wewe ungetaka vipi, hatukuchukui."

Wote wawili wakamgeukia kinyozi. Alikuwa amekuja na hapana yake tayari, ameifanyia mazoezi wiki nzima kwenye kioo cha kazini, wateja wakidhani anaimba. Lakini mama yake hakumsihi. Alikaa wima, magoti pamoja, kama msichana anayengoja kuitwa jina. Kinyozi akakumbuka kuwa mama huyu alishakaa hivi mara moja mbele ya mwanamume, akingoja jibu, na jibu lenyewe lilikuwa cherehani. Ikamuuma sana.

"Nyumbani atarudi lini?" aliuliza.

"Baada ya miaka miwili hivi. Tutakupigia simu."

Kinyozi akamgeukia mama yake. "Haya. Nimekubali."

Fundi alifumba macho, akayafumbua. Alikuwa na furaha, na hakujali ionekane.

Kinyozi alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini mama, siku ya msiba watu wakishajaa nyumbani, wakaanza kuuliza tunazika saa ngapi, mimi nitawaambia nini?"

"Waambie hatuziki," Fundi alisema. "Waambie mama amekwenda chuo."