Nusu ya Kitunguu

"Tunarudia," mwongozaji alisema. "Unatolewa mashindanoni halafu hudondoshi hata chozi? Watu wanakaa mbele ya runinga wiki nzima wakingoja hayo machozi."

Mshiriki, msichana aitwaye Sikudhani, akarudi chini ya taa. Bi Ghanima, jaji mkuu, akamsomea tena makosa yake: katika jaribio la wiki hii alitembea kama amebeba ndoo kichwani, na mabega yake kama ya kuli. "Nani alikudanganya kuwa wewe ni mwanamitindo?"

Macho ya Sikudhani yalibaki makavu.

Mwongozaji akasonya. Akaagiza kitunguu jikoni, akakipasua, akampa nusu. "Kifiche kiganjani. Jaji akikwambia kwaheri, jifute nacho uso. Wenzako wote walifanya hivyo."

"Wote?"

"Kwani ulidhani walikuwa wanalia kweli?"

Kamera zikawashwa. Safari hii Bi Ghanima aliinuka kitini, akamsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. "Huna haya wewe? Hata kulia hujui?"

Sikudhani akainua kitunguu kati ya nyuso zao, akafumba macho, akakiminya kwa nguvu zake zote. "Nifundishe, basi."

Bi Ghanima hakuwa mtu wa kunyamazishwa na mtoto wa watu. Aliendelea kufoka huku wanja ukimtiririka mashavuni, mweusi, hadi kwenye ukosi wake mweupe.

Mwongozaji alifungua mdomo kusimamisha kazi, akaufunga. Kisha, kwa kidole kimoja, akamwashiria mpigapicha asogee karibu zaidi.