Mkono wa Mgeni Rasmi

Hivi nyie mmeshawahi kumwona bosi anayehubiri ushujaa akiwa nyuma ya kioo? Huyo alikuwa Kiboko, mwenyekiti wa ligi ya porini. Kikohozi kibaya kilikuwa kimeingia kambini, beki Nyati kalazwa anahema, na golikipa Nguchiro anaishi na mama mwenye pumu. Siku ya ufunguzi Nguchiro akavua glovu, akasema msimu huu hachezi.

"Acha uoga, mdogo wangu," Kiboko alinguruma kwenye spika, kajifungia chumba chake cha kioo pale jukwaani. "Mafua tu hayo. Namba yako ina wanaoitaka, siriasi."

Nguchiro aliwatazama wenzake waliojipanga mstari, wengine wanakoholea jezi. Akamkumbuka mama yake anavyovuta pumzi usiku.

"Sawa, mheshimiwa, nitadaka. Ila mgeni rasmi leo si ni wewe? Protokali inataka ushuke ukague timu, utupe mkono mmoja mmoja. Karibu."

Kiboko akakagua kwanza komeo la mlango wake. "Unajua mimi nina presha. Daktari kanikataza kabisa kusogelea watu. Nitawapungia kutoka huku."

"Huyo daktari wako tumempenda," Nguchiro akajibu. "Na sisi tunamsikiliza huyohuyo."

Mstari mzima ukacheka, kisha ukavua jezi, hata wale waliokuwa wanaitaka namba yake. Wakazirundika mbele ya kioo.

"Mwenyekiti," Nguchiro akasema, "shuka utupe mkono, au simamisha ligi mpaka kikohozi kiishe. Chagua sasa hivi, tukikuona."