Picha ya Bango la Ruracio

"Mshike akiwa hajui," Mama Waruguru alinong'ona. "Usimpe nafasi ya kujipanga."

Miaka ishirini na miwili Kalondu anapiga watu picha hapa Thika, na bado wazazi wanataka kumfundisha kazi. Aliwasha taa, akamwonyesha kijana kiti.

Picha ilikuwa ya bango la ruracio, sherehe ya Wakikuyu ya kulipa mahari. Siku hizi bila bango getini, lenye sura za wachumba, watu wa Ruiru wanaona ni kama hakuna sherehe. Lakini si bango lililomleta Mama Waruguru. Jana alikuja peke yake akasema wazi kwamba binti yake Waruguru alirudi nyumbani mkono umefungwa bendeji, eti aliugonga mlangoni, na majirani wa huyo mchumba wake Nzioki kule mtaa wa Landless wanasikia vyombo vikivunjika. Alitaka kujua kabla ya ruracio ya Jumamosi kama anampeleka mtoto wake kwa mtu wa kumuua. Ikiwa ndivyo, wageni watarudi Machakos na mbuzi wao.

Sasa, Kalondu ana mtindo wake. Hupiga kwanza picha za kutabasamu. Kisha husema wamemaliza, hushusha kamera hadi kifuani, lenzi ikibaki imeelekea kitini, na kugeuza kichwa kuzungumza na mtu mwingine. Hapo mtu huuvua uso aliokuja nao, na hapo ndipo kidole cha Kalondu hubonyeza. Mwaka jana picha moja ya namna hiyo ilivunja harusi mtaani Kahawa Sukari, na tangu hapo kina mama hawamwachi apumzike.

Nzioki aliketi. Nje jua lilikuwa kali, naye amevaa shati la mikono mirefu, amelifunga hadi kifungo cha shingoni. Kalondu alimuuliza anafanya kazi wapi. Waruguru, aliyesimama kando ya kiti, akajibu kwamba yuko kiwandani. Kalondu akamuuliza kijana anataka picha ngapi. Waruguru akasema sita. Kijana mwenyewe alitazama sakafu tu, ngumi zimekazwa juu ya magoti.

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," Mama Waruguru alinong'ona tena.

Kalondu alianza kuamini. Naye ana binti, na ukimya ule haukumpendeza hata kidogo. Kusema kweli, alikuwa ameshamchukia kijana wa watu.

Alipiga tano, akapiga kumi. Alimwambia Nzioki ainue kidevu, atabasamu kidogo, na kila mara kijana alitii upesi mno.

"Basi, tumemaliza," Kalondu akasema. Alishusha kamera, akageuza kichwa kumuuliza Mama Waruguru habari za mvua ya Ruiru.

Mbele ya kamera kiti kililia. Waruguru alikuwa amemwendea mchumba wake kumtoa uzi begani. Kidole cha Kalondu kikabonyeza.

Wachumba walitoka kungoja nje. Kalondu alifungua picha kwenye kompyuta, na Mama Waruguru akasimama nyuma yake akiomba chinichini. Walipita tabasamu la kwanza, la pili, la tatu. Zote zilikuwa picha za kawaida, za kijana yeyote aliyevaa vizuri.

Ya mwisho ikajaa kwenye kioo.

Waruguru alikuwa anacheka, mkono wenye bendeji ameuinua kuelekea begani kwa Nzioki. Nzioki alikuwa amefumba macho na kujikunja kitini, viwiko vyote viwili juu, anakinga uso.

Mama Waruguru aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi na mabega yakamlegea.

"Asante Ngai, Mungu wangu," akasema. "Hiyo ifute."