Kitufe Chenye Jina la Mama

Uvumi aliusikia saluni, na tangu hapo Gunnvor hakuweza kuutoa kichwani: mafundi sauti huwa viziwi kabla ya miaka arobaini. Na Ylva wake, mtoto wa pekee, alikuwa akijifunza kazi hiyohiyo kwa Sverre, fundi wa ukumbi wa mji.

Jumapili ya tamasha la bendi ya matarumbeta, Gunnvor alitoa sharti wakiwa bado wanakunywa kahawa. Yeye mwenyewe akitoka ukumbini masikio yanamlia, hatatia sahihi ya mafunzo ya mwaka ujao. Ylva hajatimiza miaka kumi na minane. Bila sahihi ya mama ataenda kuoka mikate kwa shangazi yake.

Saa tisa alasiri akaketi nyuma ya mikseri, meza ya kurekebishia sauti, katikati ya Ylva na Sverre, mkoba mapajani. Wimbo wa kwanza haujaisha, ameshasema "kelele!" mara nne.

Ylva alimtazama Sverre. Sverre akakuna ndevu, akatikisa kichwa kukubali.

Msichana akakata kipande cha tepu nyeupe, akaandika MAMA, akakibandika chini ya kitufe cha kusukuma juu na chini, cha mwisho kabisa, pembeni.

"Hiki chako, Mama. Sauti ikizidi, kishushe. Ila taratibu, usije ukawazima watu."

"Mnaniamini kweli?"

"Mwenyekiti wa kwaya hukishika hichohicho," Sverre alisema, macho jukwaani. "Na mke wa meya. Wote huondoka wameridhika."

Gunnvor akavua glavu. Akashusha kidogo, na matarumbeta yakalainika. Akashusha tena, ngoma nazo zikatulia. Kufikia mapumziko alikuwa anasukuma kwa vidole viwili kama fundi mzoefu, akimnong'oneza bintiye asihangaike, mama yupo. Makofi yalipopigwa mwishoni, naye aliinamisha kichwa kidogo kushukuru.

Masikio hayakulia. Jumatatu akatia sahihi.

Alhamisi alimpelekea Ylva glavu ambazo binti alizisahau nyumbani, akaingilia mlango wa nyuma ya jukwaa, akapita upande wa pili wa mikseri, zinakoingia nyaya.

Usiku huohuo alimwandikia dada yake, ambaye mwanawe alitaka kuanza kazi hiyo:

Usikae mbele ya spika.
Usisahau vizibo vya masikio.
Usitie sahihi yoyote kabla hujachungulia nyuma ya mikseri, uone kama kitufe chako kimechomekwa waya.