Kikao cha Konsentreta

Kwa mara ya tano Mativo alifumbua macho baada ya amina na kusikia habari ileile.

"Kuna mmoja amepinga," Mzee Wekulo, mwenyekiti, alisema, akifunga faili. "Tutakutana tena Ijumaa."

Hivyo ndivyo shirika hili la kanisa pale Kaloleni lilivyoamua mambo miaka yote. Mwenyekiti aliomba, wajumbe wakafumba macho, kisha anayepinga akatakiwa ainue mkono. Mkono mmoja tu ulitosha kuahirisha. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeangalia, na hakumtaja mtu. "Hapa hatukataliani usoni," Wekulo alimwambia Mativo alipoajiriwa mwanzoni mwa 1995, na Mativo akauona ni ustaarabu mzuri. Sasa ulikuwa umemfika kooni.

Alichotaka ni konsentreta tu, kisanduku ambamo nyaya za kioo, zinazobeba taarifa kwa mwanga, kutoka majengo yote manne zingekutana ili kompyuta ziwasiliane. Nyaya zilikuwa zimeshafukiwa. Alikuwa amelinganisha visanduku vitatu: cha kwanza kilizima kila stima ilipoyumba, cha pili hakikuwa na vipuri Nairobi nzima, cha tatu kilikuwa na vyanzo viwili vya umeme, kimoja kikifa kingine kinashika. Kuchagua hapo kulihitaji vikao sita? Na wajumbe walielewa, hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Triza wa stoo aliuliza kama kinahitaji feni. Bwire, dereva, aliuliza kuhusu dhamana.

Wafadhili walikuwa wamesema mwisho ni Ijumaa hiyo. Baada ya hapo mradi ungehamishiwa tawi la Eldoret, na mkataba wa Mativo ungeishia hapo. Alikuwa ameacha kazi ya kudumu kwa ajili ya mkataba huo. Nyumbani Kayole, mkewe Nzilani hakumuuliza tena kikao kilikwendaje.

Mpinzani alimjua, au alidhani anamjua. Ni Kathini, mjumbe aliyesimamia matarishi, watu wanane waliotembeza faili kutoka jengo hadi jengo. Siku ya kwanza kabisa Mativo, kwa mbwembwe zake, alikuwa ametangaza kwamba kisanduku hiki kikiwashwa hakuna faili itakayobebwa tena kwa miguu.

Alhamisi alimfuata mlangoni.

"Mama, hebu niambie tu ukweli. Ni wewe?"

"Sijawahi kuinua mkono, Mativo. Hata siku moja."

"Sasa ni nani?"

"Mimi naona umefanya kazi safi sana," Kathini akasema, akaenda zake. Mativo akabaki anashangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na uso mkavu namna ile.

Ijumaa alieleza tena kila kitu. Hakuna aliyeuliza swali. Wekulo akaomba, vichwa vikainama.

"Anayepinga ainue mkono."

Mativo alilelewa na baba mwinjilisti, na tangu utotoni hakuwahi kufumbua macho katikati ya maombi. Siku hiyo alifumbua.

Hapakuwa na mkono hata mmoja juu. Kathini, Triza, Bwire, wajumbe wote sita walikuwa wamekaa wima, macho wazi, wakimtazama yeye. Wala hawakushtuka; kumbe siku zote aliyefumba macho ni yeye peke yake, na jibu lao wote lilikuwa moja.

"Pole sana, kijana wangu," Wekulo akasema. "Kuna mmoja."